Lenzi Imesifiwa Kwenye Vipimo, Mbona Picha Zako Hazina Ukali?

Kabla hujanunua ile lenzi ya 85mm f/1.8 ulisoma kila kipimo ulichokipata, na vyote viliisifu: katikati ni kali hata apacha (tundu la lenzi linalopitisha mwanga; namba ya f ikiwa ndogo, tundu ni kubwa) ikiwa wazi kabisa, pembeni inajitahidi. Umelipa, umeifunga kwenye kamera, umeenda nayo harusini. Usiku unafungua picha kwenye kompyuta, unakuta macho ya bi harusi ni laini kuliko yalivyowahi kutoka kwenye lenzi ya zamani iliyokuja na kamera. Wengi wakifika hapo huamua kwamba vipimo ni vya uongo au kwamba wameuziwa lenzi mbovu. Mara nyingi hakuna hata moja lililo kweli.

Nawaona wapiga picha wazuri wakiuza lenzi nzuri kwa hasara, wananunua nyingine ya bei kubwa zaidi, na tatizo linawafuata kwa sababu halikuwa ndani ya lenzi. Linaniuma, maana fedha hiyo ingetosha tripodi, flashi au siku kadhaa za mazoezi. Kwa hiyo hapa nimepanga dalili unazoweza kuziona kwenye picha yenyewe, na kila dalili na vyanzo vyake. Lenzi nimeiweka mwisho kwa makusudi.

Kipimo kimepima nini

Vipimo unavyovisoma viko vya aina mbili. Aina ya kwanza hupima lenzi peke yake, bila kamera. Inafungwa kwenye mtambo, inapitishiwa mwanga, kisha mtambo unasoma tofauti kati ya weusi na weupe imebaki kiasi gani upande wa pili. Hiyo ndiyo MTF. Kwenye michoro ya Canon, Nikon na Sigma utaona mistari ya aina mbili: ya jozi 10 za mistari kwa milimita, inayoonyesha jinsi picha itakavyokoza kwa jumla, na ya jozi 30, inayoonyesha vitu vidogo kama kope na nyuzi za kitambaa. Mchoro huanza katikati ya picha upande wa kushoto na kwenda hadi pembeni upande wa kulia. Zeiss huchapisha namba zilizopimwa kwenye lenzi halisi. Michoro ya Canon na Nikon kwa miaka mingi imekuwa ya kukokotolewa kutoka kwenye usanifu, yaani inakuonyesha lenzi kama wahandisi walivyoikusudia, na ile uliyoishika mkononi haimo.

Aina ya pili huweka lenzi kwenye kamera na kupiga picha ya bango lenye michoro ya kupimia, kisha programu kama Imatest inasoma kingo za weusi na weupe. Kamera iko juu ya tripodi nzito, bango liko mita chache mbele na limetulia tuli, taa zimelimulika sawasawa, ISO (wepesi wa kamera kupokea mwanga) ni ya chini kabisa, na shata (pazia linalofunguka kupitisha mwanga) inafunguliwa bila mkono kugusa kamera. Mpimaji makini hufokasi upya mara kadhaa na kuhesabu picha iliyotoka bora.

Angalia ni vitu gani vimeondolewa hapo: mikono yako, mtu anayepumua na kugeuka, otofokasi inayobahatisha kwenye giza la ukumbi, hewa ya mchana, jasho la kidole kwenye kioo cha mbele. Mpimaji ameviondoa kwa sababu anataka kuijua lenzi tu, na yuko sahihi. Namba aliyoipata ni kikomo cha juu cha lenzi hiyo. Picha yako inaanzia hapo kushuka, na kazi yetu ni kujua imeshukia wapi.

Jambo moja zaidi kabla hatujaendelea. Alama za lenzi zilizopimwa kwenye kamera tofauti hazilinganishwi. Lenzi ileile ikipimwa juu ya kamera ya megapikseli 45 itapata namba kubwa kuliko ikipimwa juu ya ile ya 24, ingawa kioo ni kilekile.

Piga jaribio moja kwanza

Jaribio hili linatenganisha makosa ya lenzi na makosa ya matumizi, na hata saa moja halichukui. Tafuta kitu bapa chenye nakshi ndogondogo: ukurasa wa gazeti ulioubandika ukutani, au mkeka wa ukindu uliotundikwa. Uwe nje kivulini, ambako mwanga ni mwingi na umetulia. Weka kamera kwenye tripodi au juu ya meza imara, ielekee ukuta moja kwa moja bila kuinama. ISO 100, apacha f/5.6, kitulizi cha mtikisiko kimezimwa, kipima muda cha sekunde 2. Fokasi kwa kutumia skrini ya nyuma, si kwa kuchungulia kwenye kioo cha juu cha kamera (viewfinder), kisha vuta picha kwenye skrini hadi mwisho uhakikishe herufi zinasomeka. Piga. Rudia kwa apacha iliyo wazi kabisa.

Katikati ya picha ya f/5.6 ikitoka kali, lenzi yako imeshajitetea, na ulaini unaouona kazini unatoka kwingine. Isipotoka kali hata hapo, ruka uende moja kwa moja kwenye sehemu za ukungu na za upande mmoja laini.

Unapoikagua kwa asilimia 100, kumbuka unatazama nini. Picha ya megapikseli 24 ina pikseli 6,000 kwa upana. Kwenye skrini ya kawaida ya inchi 24 yenye pikseli 1,920, asilimia 100 ni sawa na kusogeza pua kwenye picha yenye upana wa zaidi ya mita moja na nusu. Picha ya A4 iliyochapwa vizuri kwa nukta 300 kwa inchi inahitaji megapikseli zipatazo 9 tu. Ulaini unaoonekana kwa asilimia 100 pekee, na kutoweka kwenye A4, si ugonjwa wa kukukosesha usingizi.

Macho laini, sikio kali

Hii ndiyo dalili ninayokutana nayo kuliko zote. Ukivuta picha unakuta kuna kitu kimetoka kali vizuri sana: sikio, kola ya shati, ua la mkononi, au ukuta wa nyuma. Lenzi mbovu haichagui sikio na kuacha jicho. Fokasi imetua pasipo pake.

Hesabu inaonyesha nafasi uliyonayo ni finyu kiasi gani. Lenzi ya 85mm kwa f/1.8, mtu akiwa mita 2 kutoka kwako, kwenye kamera ya sensa kubwa (full-frame; sensa ni kile kipande kinachopokea mwanga ndani ya kamera): eneo lenye ukali lina kina cha sentimita 6 hivi, mbele na nyuma ya jicho kwa pamoja. Ukisogea hadi mita 1.5 na kufungua f/1.4, kinabaki kiasi cha sentimita 2.6. Bi harusi akivuta pumzi, kifua na kichwa chake husogea. Na wewe uliyesimama bila kuegemea kitu unayumba mbele na nyuma bila kujijua.

Chanzo cha kwanza cha kuchunguza ni mazoea ya kufokasi kwa nukta ya katikati kisha kugeuza kamera ili kupanga picha. Tuseme una 50mm f/1.8 kwenye kamera ya sensa kubwa, umeishika wima, mtu yuko mita 1.5. Umefokasi kwenye jicho, kisha umegeuza kamera nyuzi 15 ili jicho liwe sehemu ya juu ya fremu. Bapa la ukali, yaani umbali ule ulioufokasia, limegeuka pamoja na kamera, na sasa limepita nyuma ya jicho kwa sentimita 5. Kina chote cha ukali kwa mpango huo ni kama sentimita 9.5, nusu mbele na nusu nyuma. Jicho limeshatoka nje. Kwa f/5.6 usingeona chochote, na ndiyo maana mazoea haya hayakukusumbua ulipokuwa na lenzi ya zamani. Ukiweza, peleka nukta ya fokasi kwenye jicho lenyewe. Kamera za bei nafuu kama Canon 2000D zina nukta 9, na iliyo bora kwenye giza ni ya katikati peke yake. Hapo ni afadhali upige mtu akiwa katikati, uache nafasi, ukate baadaye kwenye kompyuta.

Chanzo cha pili ni kamera na lenzi kutokupatana. Kamera za DSLR, zile zenye kioo ndani kinachopeleka taswira kwenye jicho lako, hufokasi kwa sensa iliyo chini ya kioo hicho, mbali na ile inayopiga picha. Sensa hizo mbili zikitofautiana kidogo tu, fokasi itatua mbele au nyuma kila mara, na kwa upande uleule. Kulijua hilo ni rahisi: laza rula mezani, kamera iitazame kwa mshazari wa nyuzi 45 hivi, fokasi kwenye namba moja kwa kuchungulia kwenye kioo, piga, kisha fokasi kwa skrini ya nyuma, piga tena. Rudia. Picha za skrini zikitua penyewe na za kioo zikiteleza upande mmoja, tatizo ni upatanisho. Canon na Nikon walianza kuweka marekebisho ya fokasi ndani ya kamera zao mwaka 2007, lakini kamera za ngazi ya kuanzia, kama hiyo 2000D au Nikon D3500, hazina. Mwenye kamera hizo ama afokasi kwa skrini, ama apeleke kamera na lenzi kwa fundi pamoja. Kamera zisizo na kioo hufokasi kwa sensa ileile inayopiga, kwa hiyo kosa hili kwao halipo. Mtu akihama kutoka DSLR na kusema lenzi yake ya zamani imefufuka, mimi humwamini.

Picha zikiteleza huku na huku bila mpangilio, upatanisho hauhusiki. Tazama kama kamera imeachwa kwenye hali ya kuchagua nukta yenyewe. Ikiachwa hivyo hupenda kilicho karibu au chenye kingo zinazokoza zaidi: pua, ukingo wa shela, mkufu.

Hakuna kilicho kali, na kingo ziko mbilimbili

Vuta picha utafute nukta ya mwanga, kwa mfano taa ya mbali au mng'ao kwenye hereni. Ikiwa imegeuka kuwa kistari, na kila nukta kwenye picha ina kistari cha mwelekeo uleule, kamera ilitikisika.

Kanuni ya zamani inasema spidi ya shata isishuke chini ya 1 kwa urefu wa lenzi: 1/50 kwa 50mm, 1/200 kwa 200mm. Kanuni hiyo ni ya enzi za filamu na picha ndogo za albamu. Kwa sensa ndogo (APS-C) zidisha kwanza urefu huo kwa 1.5, au 1.6 kwa Canon. Kwa mtu anayekagua megapikseli 24 kwa asilimia 100, mimi nashauri uongeze mara mbili tena. Kwa hesabu hiyo 50mm kwenye sensa ndogo inataka kama 1/160.

Wapo wenye kamera zisizo na kioo wanaoona ulaini mdogo usioeleweka kwenye spidi za kati, kati ya 1/60 na 1/200, hata kwenye tripodi, lakini 1/500 inatoka safi. Pazia la shata lenyewe linaitikisa kamera. Tafuta kwenye menyu uwezekano wa pazia la kwanza kuwa la kielektroniki, uwashe, kisha ulinganishe.

Ukuta umetoka, wachezaji wameyeyuka

Hapa viti na mapambo ni makali, watu ndio wenye ukungu. Kitulizi cha mtikisiko kimefanya kazi yake kwa mikono yako, ila mtu anayecheza hakimhusu.

Chukua ule wakati wa zawadi, kamati inaingia ukumbini ikicheza sebene. Mtu akikatiza mbele yako kwa mwendo wa mita 1 kwa sekunde, umbali wa mita 4, nawe una 50mm kwenye sensa ndogo ya megapikseli 24. Kwa 1/60, taswira yake inateleza zaidi ya pikseli 50 juu ya sensa shata ikiwa wazi. Kwa 1/500 inateleza kama 6. Na huo ni mwendo wa mwili tu; mikono inayorusha leso inakwenda kasi zaidi. Hakuna lenzi duniani, hata ile iliyovunja rekodi za vipimo, itakayookoa pikseli 50. Panda ISO hadi 3200 au 6400 bila kuogopa, au tumia flashi, ambayo mmweko wake mfupi humgandisha mtu. Chenga kidogo (vijidoti vinavyoletwa na ISO kubwa) kwenye picha kali mteja hazioni. Sura iliyoyeyuka ataiona.

Ngozi kama plastiki

Dalili hii huchanganywa na ulaini wa lenzi kwa sababu matokeo yanafanana: vinyweleo, mistari midogo na nyuzi za nywele vimepotea, uso umekuwa kama umepakwa rangi. Ukitazama kingo kubwa, kama taya na miwani, ziko sawa.

Kinachotokea ni hiki. Kamera imeona gauni jeupe, ikaogopa kuliunguza, ikatia giza picha nzima. Uso mweusi wa bi harusi umeangukia kwenye eneo la giza ambako sensa ilipata mwanga mchache mno. Kisha wewe umeunyanyua uso huo kwenye kompyuta, chenga zikapanda nao, na programu ya kufuta chenga ikafuta chenga pamoja na ngozi. Kama unapiga JPEG, kamera yenyewe inafanya ufutaji huo kabla hujaiona picha.

Pima mwanga kwenye uso, si kwenye gauni. Piga RAW, yaani faili ghafi ambalo kamera haijalichakata, ambalo huhifadhi maelezo ya gauni kuliko unavyodhani. Punguza ufutaji wa chenga ndani ya kamera uwe wa chini. Halafu ushughulikie mwanga wenyewe, na hapa ndipo vipimo vya maabara viko mbali kabisa na kazi yetu. Bango la kupimia ni wino mweusi juu ya karatasi nyeupe, tofauti kubwa kuliko zote. Ngozi ya mtu ni tofauti ndogo sana za kivuli na mng'ao, na zinaonekana mwanga ukitoka upande. Mkalishe mtu mwenye ngozi nyeusi kando ya dirisha, au kwenye baraza asubuhi, uache mwanga uingie kwa pembeni: shavu linapata mng'ao, upande wa pili unashuka taratibu, kila kinyweleo kina kivuli chake. Lenzi ya bei rahisi itaonekana kali. Mgeuze atazame flashi iliyoko juu ya kamera, na lenzi ya bei mbaya itaonekana bapa. Ningependa kila anayeweka akiba ya lenzi mpya ajaribu hili kwanza kwa lenzi aliyo nayo.

Karibu kali, mbali hakuna kitu

Wapiga picha wa wanyama huandika sana kwamba lenzi zao za 150-600mm ni laini kwenye 600. Baadhi ni laini kweli. Lakini angalia picha ilipigwa saa ngapi. Amboseli saa sita mchana, au nyika za Serengeti jua likiwa utosini, ardhi inachemka na hewa inapanda kwa mawimbi, yaleyale yanayotengeneza mazigazi barabarani. Mwanga kutoka kwa simba aliye mita 150 mbele unapita kwenye mawimbi hayo yote kabla haujafika kwako, na lenzi ndefu inayakuza pamoja na simba.

Njia ya kuthibitisha ni ya uhakika. Piga mfululizo wa picha 10 za kitu kisichosogea, jiwe au mti, bila kugusa fokasi. Linganisha. Kama ukali unabadilika kutoka picha hadi picha, na mstari ulionyooka umepinda kidogo hapa na kidogo pale kwa namna tofauti kila mara, ni hewa. Lenzi haibadiliki tabia ndani ya sekunde moja.

Dawa zake zote zinahusu muda na umbali. Toka alfajiri, rudi kabla ya saa tatu, toka tena alasiri. Sogea karibu kadiri sheria za hifadhi zinavyoruhusu, kwa kuwa kila mita unayoipunguza ni hewa unayoiondoa. Mwombe dereva azime injini, kwanza kwa ajili ya mtikisiko, pili kwa ajili ya joto la boneti kama unapiga kwa kupitia mbele ya gari. Laza lenzi juu ya kifuko cha maharage dirishani. Saa za joto piga wanyama walio karibu, na walio mbali watazame kwa darubini. Pesa ya kununua lenzi kali zaidi kwa ajili ya saa sita mchana imepotea.

Picha nzima ina ukungu

Hakuna kilicho kali sana, weusi umekuwa kijivu, taa zina duara la mwanga kuzizunguka. Anza na vitu rahisi. Toa kichujio cha UV, hasa kile cha bei ya chini ulichopewa kama zawadi dukani, piga tena. Kwenye lenzi ndefu kioo kibaya cha kichujio kinaharibu ukali waziwazi, na usiku kinazaa mizimu ya taa. Kisha tazama alama za vidole, na kama unaishi Mombasa, Unguja, Tanga au Dar es Salaam, tazama tabaka la chumvi linaloletwa na upepo wa bahari. Pangusa kwa kitambaa laini na maji ya kusafishia lenzi, si kwa shati.

Ukitoka kwenye chumba chenye kiyoyozi na kuingia kwenye joto la pwani, unyevu unaganda kwenye kioo papo hapo. Usipanguse panguse, acha kamera kwa nusu saa hivi ndani ya mfuko uliofungwa hadi ipate joto.

Halafu kuna kuvu. Fungua apacha yote, mulika tochi kutoka nyuma ya lenzi, tazama kwa mbele kwa mshazari. Ukiona nyuzinyuzi kama utando wa buibui, kuvu imeingia ndani. Ikiwa kidogo pembeni, picha haitaathirika sana. Ikiwa imetanda, fundi anatakiwa. Hifadhi lenzi kwenye kasha lisilopitisha hewa pamoja na vifuko vya silika jeli, uvibadilishe au uvikaushe mara kwa mara. Mfuko wa ngozi ndani ya kabati, kwenye unyevu wa pwani, ni shamba la kuvu.

Mandhari laini kwa f/22

Hili ni fupi. Mtu amefunga apacha hadi f/22 ili kila kitu kiwe kali, na kila kitu kimelainika. Mwanga ukipita kwenye tundu dogo hutawanyika, na nukta moja inakuwa duara. Kwa f/5.6 kipenyo cha duara hilo ni mikroni 7.5 hivi, kwa f/16 ni kama 21, kwa f/22 ni karibu 30. Pikseli ya kamera ya sensa ndogo ya megapikseli 24 ina upana wa mikroni 3.9. Kaa kati ya f/5.6 na f/11. Lenzi zote, za bei yoyote, zinatii fizikia hii.

Kali kwako, laini kwa mteja

Mwombe mteja akutumie picha ya skrini yake. Kama picha ilipitia WhatsApp kwa njia ya kawaida, imepunguzwa hadi pikseli 1,600 hivi kwa upande mrefu na kubanwa. Tangu 2023 kuna chaguo la HD, na kutuma kama hati hakubani chochote. Ukiipunguza mwenyewe kwenye kompyuta, ongeza ukali kidogo baada ya kupunguza.

Upande mmoja laini

Sasa tumefika kwenye lenzi yenyewe. Ndani yake kuna vioo vingi, na kimoja kikikaa upande kwa kiasi kisichoonekana kwa macho, kona moja ya picha inalainika. Roger Cicala, mwanzilishi wa kampuni ya kukodisha lenzi ya Lensrentals ya Marekani, amepima nakala nyingi za lenzi za aina moja na kuonyesha wazi kwamba hazilingani. Kwa hiyo kipimo ulichosoma, kama kilitokana na nakala moja, kinaeleza nakala hiyo. Lenzi iliyowahi kuanguka, au iliyofunguliwa na fundi asiye na vifaa, iko kwenye hatari zaidi, na soko letu la mitumba, kuanzia Kariakoo ya Dar es Salaam na Luthuli Avenue ya Nairobi hadi zinazoletwa kutoka Dubai, lina nyingi za namna hiyo.

Usiikague kwa ukuta wa karibu peke yake, kwani kamera ikiwa imepinda kidogo tu utadhani lenzi ndiyo iliyopinda. Tafuta kitu cha mbali chenye nakshi, jengo refu au mnara, zaidi ya mita 200. Apacha wazi kabisa, kamera kwenye tripodi. Fokasi kwa skrini jengo likiwa katikati, kisha zima otofokasi. Sasa elekeza kamera ili jengo lilelile likae kona ya juu kushoto, piga. Juu kulia, piga. Chini kushoto, chini kulia. Fanya asubuhi hewa ikiwa tulivu. Zilinganishe picha nne. Kona zote zikiwa laini kwa kiasi kinacholingana, ndivyo lenzi ilivyoundwa, na mchoro wa MTF ulikuonya pale mstari wa jozi 30 uliposhuka upande wa kulia. Kona moja ikiwa laini waziwazi kuliko wenzake, vioo havijakaa sawa.

Kabla hujatoa hukumu, kuna mtego mmoja. Lenzi nyingi hazina bapa la ukali lililonyooka. Limepinda kama bakuli. Kwenye picha ya ukoo uliopangwa mstari mmoja, walio pembeni wanatoka laini ingawa lenzi ni nzima. Wapange kwa nusu duara kidogo, funga apacha hadi f/8, utaona wamerudi. Kona zikipona zote kwa kufokasi upya kwenye kona hizo, ni mpindo wa bapa. Kona moja ikikataa kupona hata ukifokasi juu yake, hiyo ni kasoro.

Ukinunua mtumba, fanya jaribio la kona nne kabla ya kulipa. Muuzaji mwenye lenzi nzima hatakunyima dakika hizo. Kama lenzi ni mpya na iko ndani ya dhamana, rudi dukani na picha zile nne zikiwa hazijaguswa, pamoja na picha ya gazeti uliyoipiga kwa f/5.6, na uombe nakala nyingine ya lenzi hiyohiyo. Ukiipata, rudia majaribio yote mawili siku hiyohiyo, kabla hujatupa boksi.